Unga Kwenye Buti la Noah

Gazeti la wiki iliyopita uliliacha pale mkono wa mkaguzi Elineema ulipokuwa umezama chini ya zulia la buti, na uso wake umebadilika. Najua ulilalamika. Nimesikia kuna mama mmoja wa Newala alilisoma kwenye foleni ya maji mpaka zamu yake ikampita. Haya, weka dumu chini, tuendelee.

Mkono ulitoka. Ulikuwa umeshika kifurushi kidogo cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Elineema akakifungua juu ya kiganja chake.

Unga mweupe.

Pale ulikuwa uwanja wa ukaguzi wa magari, Masasi. Madereva waliokuwa wakigombea foleni walisogea kuchungulia, kisha wakarudi nyuma upesi, kila mmoja akiogopa kuonekana karibu.

"Gari la nani hili?" Elineema aliuliza.

Fakihi, aliyelileta pale uwanjani kwa mbwembwe na honi, aliinama akatazama viatu vyake. January, wakala aliyelivusha kutoka Msumbiji kwa daraja la Mtambaswala, alikumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

"Langu," alisema Stamili.

Alijibu peke yake, mumewe Fakihi akiwa ubavuni pake. Wewe unajua kwa nini hakuwa na njia nyingine, lakini anayeanza kusoma leo naye asipotee. Stamili ni muuza vitenge wa soko la Newala. Aliuza shamba la mikorosho la Chilangala, alilorithi kwa marehemu mama yake, ili anunue Noah hii ibebe abiria Newala na Masasi. Gari likipita ukaguzi, kesho linasajiliwa kwa jina lake. Lisipopita, shamba hana na gari hana.

"Mama, hiki ni nini?"

"Sijui, afande."

"Gari lako, halafu hujui kilichomo?"

"Ndiyo nimeliona leo, afande. Hata kiti chake sijakikalia."

"Watu wa mzigo kama huu wote huniambia hivyo hivyo," Elineema alisema, na mkono wake mwingine ukawa unatafuta simu mfukoni.

Kabla hajaipata, Stamili alichovya kidole kwenye ule unga akakilamba.

"Wee mama!" Elineema aliruka. "Unataka kunifia hapa?"

Stamili alitafuna taratibu, macho ameyafumba. Kisha akayafumbua.

"Mtama," alisema. "Huu ni unga wa mtama, afande. Tena wa kutwanga kwenye kinu, haukupita mashineni."

Madereva walipasuka kicheko cha watu waliopona. Elineema hakucheka. Yeye ni mtu wa Upareni, na huko kwao unga wa mtama hukaa jikoni.

"Na unafanya nini chini ya zulia, umefungwa kwa uzi?"

Hapo kicheko kilikatika, maana waliozaliwa huku walijua jibu. Kitu kikubwa kikiingia kwenye ukoo, bibi mkubwa wa upande wa mama hukinyunyizia unga wa mtama na kulitamka jina la mwenye kitu. Kidogo hufungwa na kufichwa humo humo. Cheka utakavyo, lakini wapo wanaume wenye leseni na ndevu ambao hawagusi usukani kabla unga haujapita.

Stamili alikuwa anamfikiria yule aliyeuweka unga. Gari limevuka daraja jana jioni, ndivyo January alivyoapa. Limelala Masasi. Halijakanyaga Newala wala Chilangala. Sasa nani ameliombea gari lake bila yeye kujua, na ametamka jina la nani?

"Ni wale waliotuuzia," Fakihi alisema haraka. "Ng'ambo ya mto Wamakonde wamejaa, mila zao ndizo zetu. Waliliombea wao zamani, wakasahau kuutoa."

Lilikuwa jibu zuri. Stamili alitaka kulikumbatia, kwa kuwa ni jibu la mume wake na lilimpa nafuu. Angelikumbatia kabisa kama asingekuwa muuza vitenge.

"Afande, naomba nikione hicho kitambaa."

Kilikuwa kipande cha kitenge cha kijani chenye picha za ndege kanga wekundu. Stamili alikigeuza mara moja tu akakitambua. Jora lile alilileta mwenyewe kutoka Dar es Salaam mwaka huu, na lote lilinunuliwa kwa mkupuo, kwa sare ya unyago mmoja wa Lisekese hapa Masasi. Mnunuzi alimtuma mtu. Stamili alijua sare zile ni za nyumba gani, na kwenye ngoma hiyo hakualikwa.

Msumbiji ya wapi yenye kitenge cha dukani kwake?

Nyumba hiyo ni ya mama mkubwa Paulina, dada wa marehemu mama yake. Mnakumbuka alivyosimama siku shamba lilipouzwa. Alisema mbele ya watu kwamba gari la mikorosho ya mdogo wake halitafika popote, kisha akaondoka bila kuaga. Hawajasemezana tangu hapo.

Basi unga ule hauwezi kuwa dua. Ni laana, Stamili alijiambia, na aliyemfungulia mlango mama mkubwa aitie ndani ya gari yuko karibu sana nami.

"Sikilizeni," Elineema alisema. "Kuonja si kipimo. Gari linabaki hapa. Nileteeni huyo aliyeweka huu unga aseme mwenyewe mbele yangu, nami nimalize kukagua breki na taa. Asipokuja leo, kifurushi kinakwenda kupimwa, na gari linangoja majibu. Nipeni ufunguo."

Fakihi alitoa ufunguo akampa. January alifungua mdomo kama mwenye la kusema, akamtazama Fakihi, akaufunga. Stamili aliliona hilo, ila kichwa chake kilikuwa kimejaa.

Alijitenga pembeni akampigia Upendo. Ndivyo afanyavyo akiogopa. Upendo ni mwanawe wa pekee, aliyezaa na marehemu mume wake wa kwanza, na sasa anasomea ualimu Songea. Simu haikupatikana. Alijaribu tena, haikupatikana.

Papo hapo ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa mwalimu Loyce, mpangaji wake wa chumba cha uani, binti wa Musoma anayemwita mama na kula naye sahani moja. Loyce yuko likizo kwao. "Mama, gari limepita? Nakuombea." Stamili alipumua. Angalau mmoja alikuwa upande wake.

Alirudi kwa Fakihi.

"Natoka kidogo."

"Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta aliyeweka unga."

Fakihi alimshika mkono. Kiganja kilikuwa na jasho. "Mama Upendo, tulia. Yule bibi ana chuki na wewe. Ukienda Lisekese utatafuta balaa."

Stamili alimtazama usoni.

"Nani amekutajia Lisekese?"

Hakuna aliyekuwa ametaja jina la mahali. Hata mimi ninayesimulia nilikunong'oneza wewe peke yako.

"Nimekisia tu," alisema. "Si ndiko aliko bibi yenu?"

"Kwa hiyo ulijua unga ni wa bibi yetu. Sasa hivi ulisema ni wa ng'ambo."

Hakungoja jibu. Alipanda bodaboda ya kwanza iliyosimama getini na kumwambia dereva akanyage mafuta. Nyuma yake Fakihi aliita mara mbili.

Njia nzima Stamili aliyapanga maneno ya kumtolea mama mkubwa. Aliyapanga makali. Lakini pikipiki ilipokata kushoto kwenye njia ya mikorosho, harufu ya maua yake ikampiga puani, akamkumbuka mama yake, na nusu ya maneno yakampotea.

Bi Paulina alikuwa ameketi mkekani uani, anapepeta mtama. Macho yake yana mtoto wa jicho yote mawili, ila masikio yake hayana hitilafu.

"Pikipiki hiyo imeleta mtu mwenye hasira," alisema. "Ameshuka kabla haijasimama."

Hasira au hakuna, adabu ni adabu. Stamili alipiga goti.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mama Upendo! Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja kwa ajili ya unga."

"Umeshauona," bibi alisema, na akatabasamu. Tabasamu hilo lilimchoma Stamili zaidi ya tusi.

"Mama mkubwa, niambie tu. Umenilaani?"

Ungo ulisimama hewani.

"Nani? Mimi nimlaani mtoto wa mdogo wangu? Nilikasirika, ndiyo. Mikorosho ile niliipanda na mama yako, tukabangua korosho zake mpaka mafuta yake yakatubabua mikono sote wawili. Ukaiuza bila hata kuja kuniambia. Nilisema neno baya, na usingizi ulinikataa. Lakini mumeo alikuja hapa na gari, akapiga magoti hapo hapo ulipo. Akasema Stamili anaona aibu kuja, ila anaomba uliombee. Ningefanyaje, mwanangu? Nililiombea. Tairi zote, na mbele, na usukani."

Stamili alijikuta analia. Alilia kwa ile dua, na kwa yale maneno makali aliyoyapanga njiani, na zaidi kwa Fakihi. Mume alikuwa amekwenda kumpigania kwa siri, naye alikuwa amemwacha uwanjani akimfikiria mwizi! Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

Mngependa hadithi iishie hapa, na mimi ningepumzika. Lakini Stamili alijifuta machozi akauliza swali moja la ziada.

"Alilileta lini, mama mkubwa?"

"Siku ya gulio."

"Gulio hili lililopita?"

"Lipo jingine? Walioliona walikuwa wanarudi kutoka sokoni na vikapu vyao."

Gulio lilipita wiki iliyokwisha, na January aliapa kwamba gari lilivuka daraja jana. Machozi ya Stamili yalikauka.

"Alikuja peke yake?"

"Kwanza ndiyo. Nikamrudisha. Nikamwambia wewe ni mume, si mtu wa ukoo. Gari lililotoka kwenye shamba la ukoo linaletwa na binti wa ukoo, mkono wake ndio ushike unga. Akaenda, akarudi na Upendo."

"Upendo yupi?"

"Unao wangapi? Upendo wako, mjukuu wangu. Macho haya yanaona kivuli tu, ila nilimshika mikono. Laini, mikono ya mtu wa chaki. Sauti niliisikia ngeni, mumeo akasema ni ya shule za mbali. Nikalitamka jina lake kwenye kila tairi. Upendo wa Stamili, Upendo wa Stamili."

"Mama mkubwa, Upendo yuko chuoni Songea. Hajaja huku tangu Pasaka."

Bibi alicheka kidogo, kama anayecheka na mtoto mwenye homa.

"Songea gani? Yumo ndani humu amelala. Mumeo ameniachia mpaka gari lisajiliwe, kwa sababu ya hali yake. Upendo! Ee Upendo! Toka, mama yako amekuja."

Pazia la mlango lilitikisika, likatulia. Likatikisika tena.

Aliyetoka alikuwa amejifunga kitenge cha kijani chenye kanga wekundu. Tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana. Alipomwona Stamili, alijishikiza kwenye mwimo.

"Shikamoo, mama," alisema, maana ndivyo alivyomzoea kila asubuhi.

Alikuwa mwalimu Loyce.

Stamili hakuitikia. Loyce wa Musoma, Loyce wa sahani moja, Loyce aliyemshauri kwamba mikorosho haina maana siku hizi, auze anunue gari! Na ule ujumbe wa leo aliuandikia humu ndani, kwenye kitanda cha mama mkubwa wake.

"Mbona humwitikii mtoto?" Bi Paulina aliuliza.

"Huyu si Upendo, mama mkubwa. Huyu ni mpangaji wangu."

Bibi aliinuka kwa kushika ukuta. Alimwendea Loyce, akampapasa uso, pua, masikio. Alipomaliza aliifuta mikono yake kwenye nguo kama aliyeshika kitu kichafu.

"Sema," alimwambia.

Loyce alisema huku analia. Mimba ni ya Fakihi. January alikuwa amekubali kulipeleka jina la Loyce kwenye usajili badala ya la Stamili, gari likishapita ukaguzi, kisha Loyce na Fakihi wahamie Musoma nalo. Mpango wote ulikuwa tayari. Kilichoukwamisha ni Fakihi mwenyewe.

"Alikataa kuliendesha, mama, gari la mikorosho ya marehemu, bila unga wa bibi. Nilimwambia haya mambo ya zamani tuyaache. Akasema mimi ni mtu wa kuja, sijui. Akasema litatuua sote wawili njiani. Bibi alipotaka binti wa ukoo, akanileta mimi, kwa kuwa bibi haoni."

Stamili alimwelewa mumewe barabara. Fakihi haogopi Mungu wala polisi, ila unga wa mtama unamtoa jasho. Ameiba gari, kisha akaenda kuliombea kwa wenye mali. Mtu wa mji mwingine angekimbia nalo moja kwa moja, na leo kusingekuwa na kifurushi chochote chini ya zulia.

"Nisikilizeni," alisema Bi Paulina, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi sikulitamka jina la huyu. Nilitamka Upendo wa Stamili. Jina likishatamkwa na unga umeshaanguka, silirudishi mimi wala halirudishi mtu. Waandike wanavyotaka huko maofisini. Lile gari ni la mjukuu wangu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, furaha ilimpanda Stamili. Wezi walikuwa wamempa binti yake gari kwa mikono yao! Fakihi akisikia hilo mbele ya watu hatathubutu hata kuligusa.

"Twende Masasi, mama mkubwa. Mkaguzi anamtaka aliyeweka unga. Kaseme haya haya, Fakihi akiwa amesimama pale."

"Nipe mtandio wangu."

"Mama," Loyce alidakia, na safari hii alikuwa halii tena. Alikuwa anaogopa. "Mama, mpigie Upendo. Mpigie sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Tangu bibi alipolitamka lile jina, Fakihi halali. Anasema gari limepewa mtu mwingine, na litamgeuka barabarani asipolipanda mwenye jina. Anasema yeye lazima ampate Upendo mwenyewe. Jana nilimsikia anazungumza naye kwenye simu."

Stamili alibonyeza jina la mwanawe. Safari hii simu iliita.

"Mama!" Sauti ilikuwa changamfu, nyuma yake makondakta wanapiga kelele. "Nilikuwa kwenye basi, huko Tunduru mtandao ulikuwa unakatika. Nimeshuka stendi ya Masasi sasa hivi. Baba alisema nisikwambie, eti tukushtukize."

"Upendo, nisikilize. Usipande gari lolote. Ingia dukani kwa mtu yeyote, ukae humo, nakuja."

"Mbona unahema? Kwani Baba hajakwambia? Huyo hapo, naona anakata kona. Mama, ndiyo hii Noah nyeupe? Jamani, nzuri!"

Haiwezekani, Stamili aliwaza. Gari liko uwanjani. Ufunguo uko kwa Elineema.

Kisha akaukumbuka mdomo wa January, ulivyofunguka na kufungwa pale ufunguo ulipotolewa. Gari lile lazima lilikuja na funguo mbili, na Fakihi alitoa mmoja tu.

"Upendo, kimbia!"

Alisikia mlango wa Noah ukiteleza kufunguka. Alimsikia mwanawe akisema shikamoo Baba, akicheka, akiuliza mbona kioo kina unga kwenye kona. Akasikia mlango ukiteleza kufungwa.

"Mama, Baba anasema usiwe na wasiwasi. Tunapita Mtambaswala mara moja, halafu—"

Simu ilinyang'anywa. Injini ilikuwa inanguruma. Sauti iliyokuja ilikuwa ya Fakihi, tulivu kama ya mtu aliyelala vizuri.

"Mama Upendo," alisema, "usinitafute tena. Mwenye gari ameshapanda."